Barakoa Nyepesi ya Wifi

4 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Msalimie wifi, na mwambie mwanangu kwamba shangazi yake hajamsahau, gauni lake limebaki vifungo tu. Mimi ni mzima, cherehani ni mzima, ila bati limeanza tena kuvuja pale juu ya kitanda, kwa hiyo nalala nimejikunja upande mmoja. Fundi viatu wa chumba cha pili anakusalimu. Tangu nimpe ile simu yangu amekuwa bosi, ikilia anaipokea amesimama. Unajua mlio wa simu unavyonifanya, basi tuendelee na barua zetu, na usinicheke.

Kazi ipo tele. Nashona barakoa tangu asubuhi mpaka macho yanauma. Nikichungulia dirishani naona mtaa mzima umevaa kazi ya mikono yangu: mauamaua, mistari, mabaki ya mashati. Aliyebaki bila kuvaa ni fundi mwenyewe, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Juzi nilikwenda lile duka kubwa la kona. Uzi ulikuwa umeniishia, na sabuni, na chumvi. Bawabu akaniuliza barakoa iko wapi. Nikaitoa kwenye mkoba nikamwonyesha. Akasema, "Dada, hiyo inavaliwa, haionyeshwi." Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli inachekesha. Kisha nikamwambia taratibu kwamba nikiivaa nashikwa na hofu, pumzi zinanikatika. Akasema hofu kila mtu anayo. Mama mmoja nyuma yangu akadakia kwamba mumewe ana pumu na anavaa, kwa hiyo mimi kama najiona yai nibaki nyumbani. Nikarudi bila uzi.

Kaka, si ukaidi. Nazishona, najua kazi yake. Ila kitambaa kikishagusa pua yangu, moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona nitaanguka mbele za watu. Nimejaribu nikiwa peke yangu chumbani, mlango wazi, nikaishia kukaa sakafuni. Wewe hujawahi kunidanganya ili kunifurahisha. Niambie basi. Hii yangu ni sababu, au ni kisingizio?

Mdogo wako

21 Mei

Sindano,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, sijui ni bati lako au ni posta. Hapa hatujambo. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na anataka gauni lije kabla hajaota jingine. Wifi yako yuko kaunta, anabishana na mzee mmoja aliyekuja kununua rangi ya kijani na kuirudisha akidai imekuwa bluu njiani. Mimi niko kwenye mashine ya funguo, nakuandikia katikati ya mteja na mteja, kwa hiyo ukiona doa la mafuta ujue ni langu.

Umeniuliza, nitakujibu, na utaninunia. Ukiniuliza kama kaka, nakuonea huruma sana. Ukiniuliza kama mwenye duka, nisingekuruhusu uingie. Duka letu ni finyu, unalijua. Mtu akisimama kwenye vitasa anampumulia aliyeko kwenye misumari. Wote wanaokuja mlangoni wana sababu. Mmoja ana jasho, mwingine miwani inapata ukungu, mwingine anasema Mungu wake anatosha. Nikianza kupima hofu ya nani ni ya kweli na ya nani ni ya mdomoni, nitafunga duka nifungue mahakama. Mdudu huyu hajui kama uliyenaye ni wasiwasi au ni kiburi. Jikaze kisabuni, mdogo wangu. Vaa dakika chache, kesho ongeza kidogo.

Wifi yako hakubaliani nami hata robo. Anasema mtu hachagui kinachomtisha. Ameweka kigoda nje, chini ya upenu, kwa wale wasioweza kuvaa. Wanakaa pale, wanataja wanachotaka, yeye anakwenda na kurudi kuwapelekea. Jana alimtolea mama mmoja bawaba za kila saizi tuliyonazo, na mama akaondoka bila kununua hata moja. Nikamwambia atazoesha watu vibaya. Akaniambia nikate funguo.

Kaka yako

8 Juni

Kaka,

Shikamoo. Gauni nimelituma kwa kondakta yule mwenye sauti ya kukwaruza, likaguliwe mapindo kabla hajalivaa. Bati limezibwa na fundi viatu kwa gundi ya soli. Tunangoja mvua tuone ufundi wake.

Sikununa. Nililia, halafu nikafua, halafu nikasoma tena barua yako. Neno lililonichoma ni hilo la kujikaza. Tangu utotoni nimejikaza. Nilijikaza kanisani, nilijikaza kwenye harusi yako mpaka nikatoka nje kabla ya keki na nyote mkasema naringa. Unadhani ningekuwa na namna ya kujikaza iliyobaki ningekaa na njaa?

Maana ndivyo ilivyo. Sina mahali pa kununua. Kila duka lina bawabu au tangazo mlangoni. Fundi viatu ananinunulia, lakini yeye ni mwanamume, nikimwagiza vitu vingine vya mwanamke ananiangalia usoni kisha anaangalia viatu vyake. Wiki nzima iliyopita nilisema sina njaa ili nisimtume.

Na hicho kigoda cha wifi, mwambie namshukuru kwa moyo wake, ila mimi nisingekaa. Kukaa nje mbele ya macho ya wapita njia huku wenzangu wanaingia na kutoka! Bora nikose chumvi. Nataka kuingia dukani kama mtu, nishike kitu, nikirudishe, nichukue kingine.

Nimepata wazo. Wateja waliniletea pazia la ndani, lile jepesi la kupitisha mwanga, nilipunguze. Katika vipande vilivyobaki nimekata kimoja, nikashona barakoa ya tabaka moja, bila bitana, bila kukaza mpira. Nimeivaa asubuhi hii wakati nikipiga pasi. Moyo ulidunda, lakini haukukimbia. Ninaiandika barua hii nimeivaa.

Mdogo wako

29 Juni

Sindano,

Marahaba. Gauni limefika na limevaliwa mpaka kitandani. Tuna afya, ila duka limepoa, watu hawajengi siku hizi, wanaziba nyufa tu.

Nisamehe kwa lile neno la kujikaza. Wifi yako aliisoma barua yako kwa sauti, akafika pale pa wewe kusema huna njaa, akaniangalia. Unamjua, akinyamaza ndipo anapofoka. Sikujua kwamba imefika huko. Nilidhani ni deko la kitinda mimba. Nakuamini, mdogo wangu. Naliandika wazi ili ulione: nakuamini.

Kuhusu hiyo barakoa ya pazia, sina utaalamu wa vitambaa. Kama inakuingiza dukani, ingia. Wifi yako ananinyang'anya kalamu.

*Wifi, ni mimi. Huyu kaka yako ana moyo mzuri ila unachelewa kufika mdomoni. Nishonee hizo nyepesi, nyingi kiasi, wapo wengi hapa wa aina yako. Juzi alikuja baba mzima, fundi bomba, mikono kama koleo, akakaa kwenye kigoda analia kimyakimya kwa sababu bawabu wa benki alimfukuza. Nikampa maji. Nikamwambia nina wifi anayeijua hofu hiyo. Na moja ifanye yangu, uitie nakshi, nataka kitu kutoka mkononi mwako. Kula vizuri.*

Umeona. Amekula ukurasa wangu wote.

Kaka yako

17 Julai

Kaka yangu, na wifi yangu,

Shikamooni. Nimeingia.

Ngojeni niwaeleze kwa utaratibu. Niliamka nikaoga, nikavaa ile sketi ya buluu, nikavaa barakoa yangu ya pazia. Bawabu akaniangalia, akanyanyua mkono wa ruhusa kama alivyowafanyia wengine wote. Hakujua hata kidogo kwamba ni siku kubwa. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya sabuni ya unga. Nikatembea kila safu, hata safu ya vyakula vya paka, na paka sina. Nikashika kopo la maharagwe nikasoma maandishi yake yote. Nilirudi na uzi, chumvi, sabuni, na vile vitu vya kike ambavyo fundi viatu ameepushwa navyo milele. Njiani nilikuwa natabasamu peke yangu, na hakuna aliyeona.

Fundi viatu ameishika ile barakoa akaiinua juani. Akasema, "Fundi, mbona nakuona ng'ambo?" Nikamwambia ndiyo maana yake, ingekuwa haionyeshi nisingeivaa. Akatikisa kichwa akarudi kwenye visigino vyake. Huyo naye kila kitu lazima akikosoe.

Nimetuma kifurushi. Hizo nyeupe ni za wateja wenu wa kigodani, mwambieni yule fundi bomba namsalimu. Ile yenye ukingo wa buluu na vijani vidogo pembeni ni ya wifi. Nimeidarizi kwa mkono. Wifi, hujui ulichonifanyia. Watu wengi wamewahi kunihurumia. Wewe hukunihurumia, uliniambia tu nishone nyingi.

Mdogo wenu

5 Agosti

Sindano,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama. Tumefurahi wote kwa habari yako, binti yetu ameisimulia shuleni kwamba shangazi yake ameingia dukani, na mwalimu ameuliza kama shangazi alikuwa kifungoni.

Wifi yako anaivaa yako kutwa. Ile nzito ya zamani ameitundika kwenye msumari jikoni. Wateja wanamsifu, wanauliza ilikonunuliwa, anasema hainunuliwi. Wale wa kigodani sasa wanaingia ndani, wamevaa zako nyeupe. Fundi bomba alikaa ndani asubuhi nzima akichagua koki moja, nadhani alikuwa akisherehekea kama wewe. Duka limechangamka.

Nilitaka kukuuliza jambo kuhusu hicho kitambaa, ila wifi yako amenikataza. Anasema nisikuharibie furaha yako. Basi tuache.

Wewe kula, na usimseme sana fundi viatu.

Kaka yako

22 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Hapa shwari, mvua imenyesha na gundi ya soli imeshika, fundi viatu hasemeki kwa majivuno. Nimepata kazi ya sare za shule, nusu darasa. Sasa naingia dukani hata bila shida ya kitu, kupunga upepo tu.

Ulitaka kuniuliza nini kuhusu kitambaa? Uliza tu. Furaha yangu haivunjiki kwa swali moja. Kama wifi anataka nyingine, pazia bado lipo.

Mdogo wako

12 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Kimya chenu kimezidi. Nilimuuliza kondakta kama aliwapa barua yangu, akasema aliiacha dukani kwako na duka lilikuwa limefungwa, akaiingiza chini ya mlango. Limefungwa mchana wa katikati ya wiki? Wewe, ambaye siku ya kuzaliwa binti yako ulikata funguo mpaka alipolia?

Niandikieni japo mstari mmoja. Nikikosa habari unajua akili yangu inakokwenda.

Mdogo wako

19 Septemba

Kaka yangu,

Fundi viatu aliingia na simu mkononi, hakuwa amesimama wima kama kawaida yake. Alinikalisha kwanza. Akaniambia umepiga, na kwamba wifi amefariki, na amekwishazikwa, na kwamba umesema nisije kwa kuwa walioruhusiwa makaburini ni wachache. Nikamuuliza ulisema nini kingine. Akasema ulikata.

Sijui niandike nini. Pole, kaka. Pole. Neno lenyewe nimeliandika mpaka limekuwa geni machoni. Nimekaa na gauni jingine la mwanangu mapajani, nilikuwa nalishona liwe la kushtukiza, na sasa nashindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Nimemlilia wifi kama dada. Alikuwa dada. Mimi na yeye tulionana mara chache kuliko vidole vya mkono, na bado hakuna aliyenijua kuliko yeye.

Kwa nini hamkuniambia anaumwa? Ningeweza hata kuandika barua akasomewa. Ningemwambia mambo. Sikulaumu, najua ulikuwa katika hali gani, lakini ningemwambia mambo.

Mwanangu anakula? Anauliza nini? Ukitaka nije nimshike kidogo, nitakuja. Kwenye basi hawapandishi mtu bila barakoa, nami yangu ninayo.

Mdogo wako

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua zako zote nimezipata. Binti yupo, anakula nikikaa naye. Anauliza maswali ya kawaida, na hayo ndiyo magumu.

Duka nimelifungua kwa nusu siku. Kaunta nimeiweka mlangoni, haingii mtu.

Usije kwa sasa. Usitume barakoa nyingine.

Kaka yako

28 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ni fupi na nimeisoma kwa muda mrefu. Hukuniita Sindano. Hukutaja jina la ugonjwa. Uliandika "usitume barakoa nyingine" mahali ambapo mtu angeandika kwaheri.

Nimekuwa na mawazo ambayo mwanzoni niliyafukuza kwa sababu mimi ni mtu wa kuwaza mabaya, na nimezoea kutojiamini. Hata nikakaa kitako nikafurahi kidogo, nikasema tazama, nimeanza tena, hii ni hofu tu. Halafu nikakumbuka ulitaka kuniuliza kuhusu kitambaa. Nikaichukua yangu, nikaenda kwa fundi viatu, nikamwambia ainue tena juani, aniambie sawasawa safari hii. Hakutaka. Nilipomshikilia alisema, "Fundi, hiki ni kitu cha kumridhisha bawabu."

Wewe uliniomba msamaha mara moja na ukaniamini nilipokuomba. Sasa nakuomba jambo gumu zaidi. Usinilee. Maisha yangu yote watu wamenificha habari, wakisema huyu hatastahimili, na mimi nimebaki nikiumba za kwangu ambazo ni mbaya kuliko ukweli. Niambie kama aliivaa mpaka mwisho. Niambie ulichotaka kuniuliza. Kama nitaanguka, nitaangukia sakafuni kwangu, nimeizoea.

Siingii tena dukani. Nakaa nje kwenye ngazi, namwambia bawabu ninachotaka, naye anamwita msichana wa ndani aniletee. Watu wananitazama. Nilidhani nitakufa kwa aibu na sijafa.

Mdogo wako

25 Novemba

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Binti ana kikohozi cha kawaida cha vumbi, nimempeleka kuhakikisha, ni mzima. Jino limeota, kubwa kuliko mdomo. Lile gauni limefika na linamtosha vizuri. Aliniuliza nani atamfunga vifungo vya mgongoni, nikafunga mimi, nikakosea, akavumilia akaenda shule hivyohivyo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja nipate namna nzuri ya kuliandika. Haipo. Umetaka nikuambie, nakuambia.

Siku kifurushi chako kilipofika, niliichukua moja ya zile nyeupe, nikawasha kiberiti, nikapuliza nikiwa nimeivaa. Moto ukazimika. Nikavaa yangu nzito, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, moto ukainama tu. Nikamwita wifi yako nikamwonyesha. Nikamwambia nimwandikie Sindano, kitambaa hiki hakizuii kitu. Akaniambia niache kwanza, umefurahi mara moja maishani mwako, nikupe japo mwezi. Nikamwambia basi yeye avae yake ya zamani, zile nyeupe wavae wao wakae nje. Akasema wale watu wameingia ndani kwa sababu wamemwona mwenye duka amevaa kama wao. Akivaa nzito, watajua kwamba zao ni za bandia, na watarudi kwenye kigoda wakiwa na aibu mara mbili. Tukabishana pale, katikati ya makopo ya rangi, kwa sauti za chini ili mteja asisikie. Akashinda. Yeye alikuwa akishinda siku zote, na mimi nilipenda ashinde.

Aliivaa mpaka alipolala kitandani. Ikafuliwa jioni, ikavaliwa asubuhi. Alianza na koo. Alipozidiwa hakuruhusiwa mtu kuingia alikolazwa, nilibaki nje ya uzio, namtumia uji kwa muuguzi. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Wifi atadhani ni yeye." Ndiyo maana hukusikia chochote, na ndiyo maana fundi viatu aliambiwa maneno machache. Nilikuwa natii agizo.

Je, ni kitambaa chako? Sijui. Daktari hajui. Fundi bomba hakuugua. Mimi nilivaa nzito na nilikohoa siku hizohizo, huenda nilimletea mimi kutoka sokoni, huenda mzee wa rangi, huenda aliipata kwenye foleni ya maji. Nimezunguka na hilo mpaka nimechoka. Hakuna atakayelijua, wala mimi wala wewe, na nakuomba usijifanye unalijua kwa kujiadhibu.

Mwezi Mei uliniuliza kama hofu yako ni sababu. Nilikujibu kama mwenye duka, kisha nikakujibu kama kaka, na kote nilikosa kitu. Hofu yako ni ya kweli. Ilikuwa inatosha kumfanya mwenye duka atoke nje akuhudumie bila kukung'ong'a. Haikutosha kukuingiza ndani. Wifi yako alikuwa amekwishaliweka hilo sawa kabla hatujaanza kuandikiana, na tuliokiona kigoda kuwa cha fedheha ni mimi na wewe. Sasa unakaa kwenye ngazi ya duka lile. Kaa hapo. Anayekutazama mwache achoke.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Ninataka kuandika kwamba sikulaumu. Nimeliandika kwenye karatasi nyingine, na nyingine, na nikilisoma naona maneno yapo na mimi simo. Asubuhi nikimfunga binti vifungo nakuwa na hasira na wewe, mdogo wangu, na saa hiyohiyo naona gauni ulivyolipinda kwa uangalifu, naona aibu. Sitakutumia neno ambalo silo langu bado. Likija nitalitambua, na utakuwa wa kwanza kulisoma.

Wewe niandikie. Usiandike za msamaha wala za kitambaa. Niandikie bati, na gundi, na fundi viatu amesema nini. Jioni binti ananitaka nimsomee barua za shangazi yake, na ninapofika pale pa kumsalimia wifi, naruka.

Kaka yako